Hakuna Aliyesimama Mlangoni

Nipe mtu yeyote mzito wa kutoka nyumbani, nitamtoa kabla chai yake haijapoa, tena bila kupandisha sauti. Hayo niliyasema mbele ya dada yangu, mdomo umejaa mkate. Nikaongeza kwamba tatizo la nyumba ile halikuwa mumewe. Tatizo lilikuwa kukosa mtu mwenye akili ya kupanga mambo, na mtu huyo sasa amefika, ana cheti cha kidato cha nne na analala kwenye kochi la sebuleni. Dada alinitazama kama unavyomtazama mtu anayetaka kupanda nguzo ya umeme kwa kandambili.

"Haya," akasema. "Jumatatu ni yako."

Jumapili jioni nikaisogeza saa ya ukutani mbele. Asubuhi shemeji akatoka chumbani, akaitazama saa, akaitazama tena, kisha akatoa simu mfukoni akaitazama nayo. Hakukasirika. Shemeji hakasiriki, na laiti angekuwa anakasirika tungejua pa kumshikia. Alivuta kiti, akaishusha saa, akaifungua mgongoni kwa bisibisi. "Betri inavuja," akasema kwa huruma. "Ndiyo maana inakimbia." Akatafuta msasa. Akasugua kutu kwenye vyuma vyote viwili. Akapangusa kioo kwa kitambaa kibichi, halafu kwa kikavu. Tulipotoka siku hiyo saa ilikuwa nzima kuliko ilivyonunuliwa, na mimi nilikuwa nimeshakosa gari la kunipeleka kwenye usaili wa kazi.

Dada alipita mbele yangu na mkoba begani, na mabega yale yalikuwa yanacheka.

Mtaani walimwita shemeji Nakuja. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na grili, na kazini hakuna aliyewahi kumlaumu. Ukimwagiza geti Jumamosi, Jumamosi unalikuta limesimama, limepakwa rangi, bawaba zimetiwa grisi. Uzito wake ulikuwa wa nyumbani tu, na ulikuwa unamwisha akishavuka kizingiti. Ndani ya kizingiti, Mungu ndiye anajua. Alikuwa anavaa, anachana nywele, anashika mfuko wa kazi, na dada anasema, "Twende." Anajibu, "Nakuja." Hapo anakumbuka kitambaa cha mkono. Kitambaa kimejikunja, kinataka pasi. Pasi ikianza kupata moto anaona shuka imekaa upande, anaitandika. Chini ya mto anakuta kalamu aliyoitafuta wiki nzima. Anaijaribu kwenye kiganja kama bado inaandika. Inaandika. Anafurahi. Kiganja kimechafuka, anakwenda kunawa.

Wakati wote huo dada amesimama mlangoni, mkoba begani, viatu miguuni. Walikuwa wanapita njia moja, yeye akienda kwenye tanuri la mikate alikofanya kazi ya kaunta, mumewe akienda kando ya barabara alikoweka mashine yake. Aliamini kwamba asipomsubiri, mume huyo hatatoka kabisa, atakutwa jioni amekaa kitandani anakunja soksi. Kwa hiyo alisubiri, mlangoni, na akichoka mlangoni, getini. Wapita njia walimzoea pale getini wakampa cheo. "Askari, habari za lindo?" Watoto wa shule walimpa shikamoo kwa saluti. Siku moja mgeni aliyevaa vizuri alisimama mbele yake akamwuliza chumba kilicho wazi ni kipi, na kodi yake ikoje. Akamwonyesha chumba cha mwisho, kwa sababu kweli kilikuwa wazi, na kwa sababu alikuwa na muda.

Kwenye tanuri hawakuwa na utani huo. Msimamizi, kijana mwenye masharubu machanga, alimvumilia hadi siku wateja walipopanga mstari hadi barabarani na kaunta haina mtu. "Mama," akamwambia mbele ya wenzake, "mkate hauna mume wa kumsubiri." Akamhamishia nyuma, kwenye kukwangua trei. Dada akavua kofia nyeupe ya kaunta, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya mizani. Jioni alirudi na kingo za trei zimemkata vidole. Shemeji alivitia dawa kimoja kimoja, taratibu, kwa upole wa kutosha kumfanya mtu apige ukuta.

"Pole sana," akasema. "Huyo kijana hana adabu."

"Kijana ana adabu. Anayo saa pia."

"Kesho tutawahi."

Dada akamtazama. "Kesho nani?"

*

Mwezi huo huo ndipo baraza la mji lilipotangaza kwamba mafundi wote wa kando ya barabara wataondolewa. Kulikuwa na uwanja mpya, una paa la bati refu, nyaya za umeme mkubwa na sakafu ya saruji iliyochorwa viwanja kwa rangi ya manjano. Nakuja aliandikishwa mapema. Aliyekwenda kuandikisha ni dada, kwa hiyo usishangae.

Kugawa viwanja kulikuwa na sharti moja. Kila fundi ataitwa kwa jina lake, na atakayeitika awe mwenyewe. Zamani watu walikuwa wanatuma wake, shemeji na wajomba, mtu mmoja akaishia na viwanja vitatu na vyote amepangisha. Safari hii wakasema mwenyewe, kwa miguu yake. Asiyeitika, kiwanja kinakwenda kwa waliosimama kwenye mstari wa kungoja.

Nyumbani wote tulijua maana yake. Uani mwenye nyumba hakuruhusu kuchomelea, alisema taa zake zinapepesa kama macho ya mwongo. Bila kiwanja, mashine ingekaa chini ya kitanda na shemeji angerudi kwa tajiri wa grili, yule aliyekuwa akimlipa siku anayojisikia na kumwita "kijana" mbele ya wateja wadogo kwake kwa umri. Shemeji mwenyewe alilijua hilo kuliko sote. Usiku wa Jumanne alikaa akichora kwenye boksi la viatu jinsi atakavyopanga kiwanja chake: mashine hapa, meza ya kukatia hapa, mahali pa mteja kukaa asirukiwe na cheche.

"Alhamisi saa mbili asubuhi," dada akamwambia.

"Najua."

"Wakikuita hupo, basi."

"Mke wangu, hilo ni jambo la maisha yangu. Nitachelewaje?"

"Harusi ya binamu yako ilikuwa ya maisha yake. Tulifika wanakunja viti."

"Ile ilikuwa mvua."

"Mvua ilinyesha siku iliyofuata."

Shemeji akafikiri kwa makini. "Kweli," akasema, "ilikuwa siku iliyofuata," akarudi kwenye boksi lake kuongeza dirisha.

*

Jumatano dada alirudi kutoka kazini akiwa na uso ambao nilikuwa sijawahi kuuona. Uso wa mtu aliyekuwa akitafuta miwani nyumba nzima akaigusa kichwani. Aliniita uani, kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua huku anaongea polepole.

"Unakumbuka nilipokwenda msibani, nikakaa kule wiki?"

"Nakumbuka. Tulikula mayai wiki nzima."

"Nilipopita barabarani kuwasalimu mafundi wa jirani na mashine ya mume wangu, fundi baiskeli akaniambia kitu, nikadhani ni utani wake. Alisema wiki ile mume wangu alikuwa anafika kabla ya wafagiaji."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nalala hadi jua kali wiki ile, ushahidi wangu haukuwa na uzito.

"Leo nilikuwa nakwangua trei," akaendelea, "nikajiuliza, mbona peke yake anawahi? Halafu nikaona. Hatazami saa yule. Ananitazama mimi. Akinisikia nipo mlangoni, kwake muda bado upo. Saa ikiwa yoyote. Nikigombana naye ndiyo kabisa, anajua sijaondoka." Akabana vibanio mdomoni, akavitoa. "Mimi ndiye ninayemkalisha."

"Sasa?"

"Kesho simsubiri."

Nikamwambia hiyo ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwa kumtupa kisimani. Nikamwambia aanze Ijumaa, au safari ya sokoni, si siku ya kiwanja. Nilizungumza vizuri sana. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniwekea shuka mikononi nishike ncha.

"Siku ya sokoni atajua nimekwenda sokoni," akasema. "Siku ambayo haiwezekani kabisa nimwache ni kesho tu. Ndiyo hiyo nitakayomwacha."

"Na asipotoka?"

Mikono yake ikasimama juu ya shuka. Aliangalia ule mlango wa chumba chao, ambao mumewe aliutengeneza mwenyewe, na ambao unafunga vizuri kuliko mlango wowote mtaani.

"Asipotoka hatatoka," akasema. "Na wewe utanifuata nyuma. Usimgongee, usikohoe, usijifanye una akili."

*

Asubuhi dada akavaa, akaweka chai ya mumewe mezani na sahani juu yake, akachukua mkoba kwenye msumari. Shemeji alikuwa chumbani. "Twende," dada akasema kama kila siku, kwa sauti ile ile. "Nakuja," ikajibu sauti kutoka ndani. Dada akatoka. Mimi nikafuata.

Getini hakusimama. Mama wa chumba cha pili, aliyekuwa anafua uani, aliacha nguo mikononi akamtazama anavyopita, maana hakuwa amewahi kumwona akipita pale bila kuegemea kwanza. Barabarani mtu mmoja akamsalimu, "Askari, leo lindo limeisha mapema?" Dada akamjibu, "Nimeacha kazi," akaendelea na njia yake.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mafundi walikuwa wamevaa nguo za kwenda kanisani na msikitini, wengine na vyeti vilivyotiwa kwenye nailoni. Nyuma ya kamba walisimama wa mstari wa kungoja, wakiwahesabu waliofika kwa macho ya watu wanaoomba wengine waugue kidogo tu. Ofisa wa baraza alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba shingoni na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga mluzi kila akikisogeza. Aliwaambia utaratibu. Ataita upande wa kulia wote. Asiyeitika atarukwa. Akimaliza upande huo atarudia wale waliorukwa mara moja, na akishawarudia hataki kusikia habari za foleni, tumbo, wala mama mkwe.

Jina la shemeji lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo. Likaitwa lote, lake, la baba yake na la babu yake, likapita juu ya vichwa vya watu, likarudi bila mtu.

"Yupo?" ofisa akauliza.

"Yupo," fundi baiskeli akajibu kwa niaba. "Anatafuta soksi."

Uwanja ukacheka. Walimjua. Hata wasiomjua walicheka, kwa sababu soksi ni soksi. Dada alinyanyua mkono. "Mimi ni mke wake."

"Mama, mke si yeye. Yuko wapi?"

Angeweza kusema yuko njiani. Kila mtu husema yuko njiani, hata aliye kitandani. Dada akasema, "Nyumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ni mzima kabisa."

Hapo hawakucheka sana. Kuna kicheko ambacho kikimwangukia mwanamke peke yake katikati ya wanaume wengi kinakuwa na aibu hata kwa anayecheka. Ofisa akamtazama juu ya miwani, akaweka alama, akaita anayefuata.

"Shemeji, kimbia ukamwite," fundi baiskeli akamwambia dada, sasa bila utani. "Nyumbani kwenu si mbali, mtu anakula ndizi mbili amefika. Utamkuta, utamvuta mkono."

"Kimbia mama," akasema mwingine.

"Siendi."

"Kiwanja kitakwenda."

"Najua kitakwenda." Akakaa chini. Kulikuwa na tofali, akakalia tofali, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba kana kwamba mkoba ndio unaotaka kukimbia. "Nikienda ataniona mlangoni. Akiniona mlangoni, atakaa."

Hakuna aliyemwelewa. Mimi niliyekuwa nyuma nyuma katika umati ndiye pekee niliyeelewa, na nilitamani nisielewe.

*

Nyumbani Nakuja alikuwa anapaka kiatu cha kushoto kiwi. Alikuwa amevaa shati lake jeupe, amelipiga pasi mara mbili kwa heshima ya siku yenyewe. "Nakuja, mke wangu," akaita. "Namalizia kiatu." Hakujibiwa. Akajua amenuna. Kununa kwake alikuzoea, kulikuwa kama redio ya jirani. Akapaka kiwi, akasugua, akakishika kiatu kwenye mwanga wa dirisha akajiona pua.

"Nisikilize," akaita tena. "Ukitaka tangulia hadi getini, nakukuta pale." Kimya. Akatabasamu. Akachukua kiatu cha kulia, akafungua kopo, na hapo, kopo likiwa mkononi, akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia asubuhi katika nyumba ile. Hakusikia mguu ukibadilishana na mguu mwenzake kwenye saruji ya mlangoni. Hakusikia mkoba ukihama bega. Hakusikia ile pumzi ya puani ambayo kwa miaka yote ilimwambia kwamba bado.

Akachungulia sebuleni. Mlango ulikuwa wazi na nje kulikuwa na jua. Msumari wa mkoba ulikuwa mtupu. Mezani kulikuwa na chai, na kando ya chai kufuli na ufunguo wake, vimewekwa pale makusudi kama unavyomwachia mpangaji.

"Mke wangu?" akasema. Halafu akasema jina lake la nyumbani, lile la wawili tu, kwa sauti ndogo. Akafunua pazia la chumbani kana kwamba alipita bila kumwona. Akaangalia uchochoro wa jikoni. Aliporudi mezani akagusa kikombe. Chai ilikuwa imepoa.

Ndipo miguu ikajua kabla yake. Hakutafuta kitambaa. Hakuzima taa. Alivaa kile kiatu cha kulia bila kiwi, kinyume cha mwenzake kama mchana na usiku, akatoka mbio na kopo mkononi, na mtu ambaye kila siku alikuwa anarudi kutoka bombani kuivuta kufuli ajue kama imeshika, aliuacha mlango umefunguka hadi ukutani.

Alipita kwa muuza mkaa. Akapita kwa kinyozi, kinyozi akatoka nje na mashine inalia mkononi. "Nakuja anakimbia," mtu akapaza sauti, na watu wakatoka kuona, si kwa ubaya, ila kwa jinsi unavyotoka kuona upinde wa mvua. Shati lilichomoka. Kifungo kimoja kilikuwa kimekosa tundu lake na vingine vyote vikafuata makosa yake. Hakuna aliyemwambia.

*

Ofisa alimaliza upande wa kulia, akanywa maji, akageuza karatasi.

"Narudia waliorukwa."

Aliita fundi masufuria kwanza. Mdogo wake akajitokeza mbio akasema kaka yuko hospitali na mtoto, ana karatasi ya daktari hii hapa. Ofisa akaisoma karatasi yote, uso wake ukalegea kidogo, akairudisha. "Pole. Lakini ndugu si yeye." Mtu wa kwanza kwenye mstari wa kungoja akavuka kamba, akaenda akasimama kwenye mistari ya manjano akiangalia chini, hathubutu kufurahi. Yule kijana alikunja karatasi ya daktari mara nyingi hadi ikawa ndogo kama tembe.

Dada aliliona hilo lote kutoka kwenye tofali. Alijua sasa ni nani anafuata. Fundi wa alumini, wa pili kwenye mstari wa kungoja, alikuwa ameshainua mguu juu ya kamba. Naye alikuwa na watoto, naye alikuwa amevaa vizuri. Dada akasimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aligeuka kuangalia barabara, akajilaumu, akageuza uso mbele.

Ofisa akainua kipaza sauti. Kikapiga mluzi. Akaita jina la shemeji.

Akaita la baba yake.

"Nipo."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na pumzi, ilitoka nyuma kabisa, getini, na ikafika mbele kwa sababu waliokuwa katikati waliibeba: yupo, yupo, mpisheni, jamani mpisheni. Umati ukafunguka. Nakuja akapita katikati yake na kiatu kimoja kinang'aa, kingine kimevumbika, shati upande, jasho hadi kiunoni, kopo la kiwi limenyanyuliwa juu kana kwamba ndilo kitambulisho.

Ofisa akashusha kipaza sauti. "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Umechelewa."

Shemeji alihema, akavuta pumzi, akahema tena. "Mama, bado hujamtaja babu."

Ofisa akaangalia karatasi. Akaangalia kiatu. Akaangalia kiatu cha pili. Kisha, polepole, kwa kipaza sauti, akamtaja babu, akamalizia jina lote kama lilivyoandikwa, na shemeji akaitika mara ya pili, sasa wima, "Nipo," na uwanja mzima ukapiga makofi kama aliyefunga bao la dakika ya mwisho. Fundi baiskeli alimkumbatia hadi kopo likaanguka. Fundi wa alumini akarudisha mguu wake nyuma ya kamba. Baadaye kidogo naye akapata, nafasi ya mtu mwingine aliyerukwa, na hadi leo ni jirani yetu na anadai kimoyomoyo alituombea.

Shemeji alikwenda akasimama kwenye kiwanja chake. Kilikuwa cha pembeni, karibu na nguzo ya umeme, kizuri kuliko alivyochora. Dada alikuja akasimama nje ya mstari wa manjano. Hawakuguswa na zile kelele.

"Umeniacha," shemeji akasema.

"Nimekuacha."

"Nilidhani upo mlangoni."

"Ndiyo maana sikuwepo."

Aliinamisha kichwa akaona vifungo vyake. Akaanza kuvifungua avipange upya, na katikati ya kazi hiyo akasita, akavirudisha vilivyokuwa, kombo vile vile. "Nikianza hapa tutalala," akasema. Dada akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akavuka mstari, akaingia kiwanjani kama mtu anayeingia kwake.

*

Usidhani mtu hugeuka kama chapati. Kwenye ziara, misiba na kumpeleka paka kwa daktari, shemeji bado anapiga pasi kitambaa. Tofauti ni kwamba dada hasubiri. Anasema natoka, anatoka, na nyuma yake unasikia vishindo vya mtu anayetafuta viatu kwa nia. Kwenye tanuri alikaa kwenye trei kidogo tu. Yule msimamizi wa masharubu alimrudishia kofia nyeupe mwenyewe, akasema wateja wanauliza. Dada alimwambia angeipokea kesho, kwa sababu leo zamu yake imekwisha na anaondoka kwa wakati. Mtaani cheo cha Askari kimefutika. Getini pale sasa huegemea mbuzi wa mwenye nyumba.

Nami nimepata kazi, nashika chuma na kupaka rangi pale kiwanjani, na kwa wateja wanaongoja geti lao huwa nawasimulia mkasa huu bila malipo. Juzi palikuwa na wateja wengi. Nilikuwa nimefika patamu, pale Nakuja anapogusa kikombe na kumwita mkewe kwa jina la wawili, nikalitoa kwa sauti yake ile ndogo, watu wakawa wanapangusa macho. Shemeji alikuwa anachomelea, barakoa usoni. Dada alikuwa amekuja na mikate ya mchana.

Mama wa chumba cha pili alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, akingoja bawaba ya kabati.

"Mwanangu," akaniambia, "hapo alipoita kwa sauti ndogo, nani alimsikia?"

"Si yeye mwenyewe alitusimulia."

Shemeji akafunua barakoa. "Mimi?" akasema. "Jina lile sijawahi kumwambia mtu."

"Maana dada yako alikuwa uwanjani," mama akaendelea, anahesabu kwa upole kama mtu anayepanga vyombo. "Wewe unasema ulikuwa uwanjani, nyuma nyuma. Mimi nilikuwa nafua uani, kando ya bafu. Na bafu lile lina tundu linaloangalia dirisha lao. Sasa nisaidie. Yule aliyekuwa bafuni tangu dada yako anatoka, anaimba, halafu akanyamaza ghafla, halafu Nakuja alipokwisha kupita mbio naye akachomoka na taulo, povu masikioni, kandambili moja, analia jamani wameniacha, nikabaki mimi kulinda nyumba iliyo wazi na nguo zangu majini, alikuwa nani?"

Wateja wakanigeukia. Dada aliweka mikate chini.

"Uliniambia ulikuwa nyuma yangu," akasema.

"Nilikuwa nyuma yako, dada."

Mama wa chumba cha pili akapokea bawaba yake, akaijaribu, ikafunguka bila kelele. "Ni kweli," akawaambia wateja. "Nyuma mpaka nyumbani."